Ukaguzi wa uwanja wa ndege: jinsi ya kupita KIA (uwanja wa Kilimanjaro) na Kisongo (uwanja wa Arusha) bila kuacha mali yako mezani

Chupa ya asali ya nyuki wadogo, lita moja, imezungushiwa kanga na kuwekwa kwenye begi la mkononi ili isivunjike njiani. Mama anaipeleka kwa wajukuu Ulaya. Begi likiingia kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya chumba cha kusubiria ndege, asali inatolewa na haivuki. Kufikia hapo begi kubwa limeshachukuliwa, waliomsindikiza wameshaondoka, na hakuna wa kumrudishia. Asali hiyo hiyo ingewekwa kwenye begi la kupakia chini ya ndege, ingefika salama.

Migogoro mingi kati ya abiria na wakaguzi huanzia nyumbani, usiku wa kufunga mizigo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kufunga, na sehemu ndogo inahusu uwanja wenyewe.

Kabla ya kufunga zipu

Mwaga kila kitu kitandani. Tenga mafungu matatu: vya begi la mkononi, vya begi la chini, na vya kubaki nyumbani. Usianze kupanga begi kabla mafungu hayajakamilika, kwa sababu ukishalijaza hutakumbuka kama kile kisu kidogo cha kumenyea maembe kiko mfuko wa mbele au wa nyuma. Kagua pia mifuko ya zamani ya begi lenyewe. Begi lililotumika kwenda shamba au kupanda mlima huwa na kiberiti, wembe au bisibisi iliyosahaulika, na mashine itaviona hata kama wewe huvijui.

Vitu vya majimaji

Kanuni inayokera watu kuliko zote ni ya mililita 100. Asili yake ni Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipogundua njama ya kulipua ndege za kuvuka Atlantiki kwa kutumia milipuko ya majimaji iliyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Novemba mwaka huo Ulaya ikaweka kikomo, na nchi nyingi zikafuata. Mashine za kawaida za eksirei haziwezi kutofautisha kwa uhakika maji ya kunywa na majimaji ya hatari, ndiyo maana kinachobanwa ni ujazo.

Kinachoangaliwa ni chombo, si kilichomo. Losheni ya mililita 200 iliyobaki robo inakataliwa, hata kama losheni yenyewe ni mililita 50 tu. Hamishia kwenye kichupa kidogo chenye ujazo ulioandikwa. Vichupa vyote viingie kwenye mfuko mmoja wa zipu unaoonyesha ndani, usiozidi lita 1, yaani kama sentimita 20 kwa 20, na mfuko ufungike bila kulazimishwa. Kila abiria ana haki ya mfuko mmoja tu. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 haikuigusa mifuko hii ya zipu ya kubebea vipodozi vya msafiri, mradi abaki nayo na asiitupe nchini.

Kipi ni majimaji? Watu wengi hukwama hapa. Kitu kikimiminika, kikipakika au kikichukua umbo la chombo, kihesabu ni majimaji: asali, samli, mtindi, siagi ya karanga, jemu, achari, pilipili ya kusaga, dawa ya meno, mafuta ya mgando, pafyumu, jeli ya nywele, supu, mtori. Mafuta ya nazi yaliyoganda kwa baridi ya Julai ya Moshi bado ni mafuta. Mkate, maandazi, karanga kavu, ndizi mbivu na kahawa ya punje havihusiki na kanuni hii.

Wanaoruhusiwa kuzidi mililita 100 ni wenye dawa wanazohitaji safarini, wenye watoto wachanga (maziwa, uji, maji ya kuchanganyia), na wenye lishe maalumu ya kitabibu. Ruhusa hiyo ni kwa kiasi cha kutosha safari tu. Vitoe mwenyewe kabla mkaguzi hajavikuta na useme ni nini. Dawa zikae kwenye vifungashio vyake vya dukani zikiwa na cheti cha daktari, na kama unavuka mipaka cheti kiwe cha Kiingereza, chenye jina lile lile lililo kwenye pasipoti. Insulini usiiweke begi la chini: begi likichelewa umekosa dawa, na baridi kali inaweza kuiharibu.

Kwa asali na samli za begi la chini, tumia chupa ya plastiki ngumu badala ya kioo. Ndege ikiwa angani, shinikizo la hewa ndani yake ni dogo kuliko la ardhini, hivyo hewa iliyobaki kwenye chupa hupanuka na kusukuma kifuniko. Minya chupa kidogo kutoa hewa kabla ya kufunga, weka kipande cha nailoni mdomoni chini ya kifuniko, kaza, zungusha gundi ya karatasi, kisha tia chupa ndani ya mfuko wa pili. Iweke katikati ya begi, nguo pande zote. Mbege usiibebe kabisa. Inaendelea kuchachuka njiani, gesi inajaa, chupa inapasuka, na nguo zote zinanuka hadi mwisho wa safari.

Betri

Hapa kanuni ni kinyume cha asali. Pawabenki na betri za akiba hazipakiwi begi la chini hata kidogo, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto ndani ya shehena hakuna mtu wa kuizima mapema. Zikae mkononi, kila moja kwenye mfuko wake au ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe ili zisigusane na funguo.

Ukubwa hupimwa kwa wati-saa. Chukua mAh iliyoandikwa, zidisha kwa volti za betri (kwa kawaida 3.7), gawanya kwa 1,000. Pawabenki ya mAh 20,000 inatoa wati-saa 74, inapita. Ya mAh 30,000 inatoa 111, nayo inahitaji idhini ya shirika la ndege kwa sababu imevuka 100. Inayozidi 160 hairuhusiwi kwa abiria. Tatizo la mara kwa mara ni pawabenki za mtaani ambazo maandishi yamefutika au hayakuwepo tangu mwanzo. Mkaguzi asiposoma uwezo wake ana haki ya kuizuia. Ukinunua, chagua yenye maandishi yaliyochorwa kwenye mwili wake, si ya stika.

Vyenye ncha, na vya mlimani

Sime, mkuki, rungu, fimbo ya kutembelea ya mapambo, kisu cha jikoni na panga ndogo za zawadi vyote huenda begi la chini, makali yakiwa yamefunikwa ili asijikate anayelifungua. Rungu linawashangaza wengi kwa kuwa ni mti tu, lakini ni silaha ya kupigia, na kundi hilo nalo limekatazwa mkononi.

Kama wewe ni dereva au mwongoza watalii, kagua haya pamoja na mgeni wako kabla hamjatoka hotelini. Fimbo za kupandia mlima na chuma za kuvaa kwenye viatu vya barafu ni za begi la chini. Mitungi midogo ya gesi ya kupikia hairuhusiwi mkononi wala chini, hata ikiwa imebaki kidogo. Iachwe kwenye ofisi ya kampuni. Jiko lililowahi kutiwa mafuta hubaki na mvuke, na linaweza kukataliwa hata likiwa tupu. Dawa ya kupulizia ya kujilinda inazuiwa kote. Kiberiti cha gesi kimoja hubebwa mwilini, si ndani ya begi la chini.

Mgeni akiwa ameokota mwiba wa nungunungu, unyoya, fuvu au kipande cha pembe, mwambie akiache. Hizo ni nyara za serikali, na bila kibali jambo linatoka kwenye ukaguzi wa usalama na kuwa kesi. Aliyenunua tanzanaiti awe na risiti na nyaraka za muuzaji mfukoni, si kwenye begi la chini.

Kwa nini begi lako linafunguliwa na la jirani linapita

Mashine ya eksirei huonyesha vitu kwa rangi. Vitu vya asili ya mimea na wanyama, pamoja na plastiki, huonekana vya machungwa. Vyuma huonekana vya bluu. Vya katikati ni vya kijani. Kitu kinene sana ambacho miale haikipenyi huwa giza tupu. Baruti nyingi nazo huangukia kwenye rangi ya machungwa. Kwa hiyo kilo mbili za unga wa lishe zilizoshindiliwa, tofali la jibini, miche ya sabuni na pakiti ya kahawa ya kusaga vinampa mkaguzi picha anayopaswa kuitilia shaka. Hajakudharau, na wala hajakuchagua kwa sura. Picha ndiyo haijasomeka.

Dawa yake ni kupanga. Vitu vizito visipandane. Laptopu isilale juu ya pakiti za unga, kwa sababu betri na saketi zake hufunika kilichoko chini. Nyaya zikunjwe pamoja kwenye kimfuko. Unga na kahawa ni bora viende chini. Anayeelekea Marekani ajue kuwa tangu katikati ya 2018 kitu cha ungaunga kinachozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi hukaguliwa zaidi, na kisipotambulika huzuiwa. Zawadi zisifungwe kwa karatasi za maua. Beba karatasi pembeni, ufunge ukifika. Vivyo hivyo usizungushie begi nailoni kabla halijakaguliwa, maana likihitaji kufunguliwa nailoni itakatwa.

Kufika salama kwenye mashine ni jambo moja, forodha ya unakokwenda ni jingine. Nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu abiria kutoka Tanzania kuingia na nyama wala maziwa na vitokanavyo nayo. Samli na nyama ya kukausha zitapita KIA na kuchukuliwa mbele.

Mzigo wa mtu

Hili tunalisema kwa uzito wake wote. Ndugu, jirani, au rafiki wa rafiki atakuja jioni ya mwisho na bahasha nene au kopo lililofungwa: "Nipelekee tu, kuna mtu atakupokea." Kikikutwa kitu ndani, aliyekamatwa nacho ni wewe, na kwa dawa za kulevya adhabu ya sheria zetu hufika kifungo cha maisha. Mirungi nayo ni haramu Tanzania, hata kama ng'ambo ya Namanga inauzwa wazi.

Ukikubali kubeba, weka sharti: kifunguliwe mbele yako, ukitoe kila kitu, ukipange mwenyewe. Jamaa akikasirika, mwambie kwa upole, "Shemeji, nitaulizwa kama begi nimelifunga mwenyewe, na sitaki kusema uongo." Swali hilo kweli huulizwa. Asiyetaka kufungua kopo lake, arudi nalo.

Siku yenyewe

Safari ya nje, uwe uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Ya ndani, saa mbili. Kutoka Arusha mjini hadi KIA tenga saa moja na nusu ingawa umbali ni kama kilomita 50 tu, kwa sababu Tengeru, Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti zote zina mwendo wa kilomita 50 kwa saa na askari wa barabarani. Kutoka Moshi kupitia Boma Ng'ombe ni karibu zaidi. Abiria aliyechelewa ndiye anayegombana na mkaguzi, kwa kuwa kila dakika anayofunguliwa begi anaiona ndege ikimwacha.

Ukaguzi uko mara mbili. Wa kwanza ni mlangoni, mabegi yote na mwili, kabla ya kaunta za shirika la ndege. Wa pili ni wa mwili na begi la mkononi, ukielekea chumba cha kusubiria. Katikati ya hizo mbili ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kuhamisha kitu kwenda begi la chini. Simama kabla ya kaunta, papasa mifuko, hakikisha mfuko wa zipu uko juu. Wanaokusindikiza waambie wasiondoke mpaka uwapigie simu kuwa umevuka.

Kwenye ukaguzi wa pili fanya hivi ukiwa bado kwenye foleni, si ukishafika mbele:

1. Maliza maji au yamwage, bakisha chupa tupu.
2. Toa simu, sarafu, funguo, saa na mkanda wa suruali, uvitie ndani ya koti au kimfuko kimoja. Vikisambaa kwenye trei ndivyo vinavyosahaulika.
3. Toa laptopu na tableti, zilale peke yake kwenye trei. Mfuko wa zipu uwe pembeni.
4. Viatu vyenye kisigino kinene au bati ndani, vua bila kungoja kuambiwa. Tahadhari hii ilitokana na jaribio la Desemba 2001 la kulipua ndege ya Paris kwenda Miami kwa viatu.
5. Pasipoti na bodi pasi vishike mkononi hadi usikie vinahitajika vipi.
6. Usipite mlango wa kutambua vyuma kabla begi lako halijaingia ndani ya mashine. Ukitangulia, begi linabaki upande usiouona.

Mlango ukilia, rudi, kumbuka kilichobaki, pita tena. Bangili za shaba, shanga za waya na vyuma vya sidiria huliza mlango. Mzee mwenye bangili isiyovuka mkono aseme mapema. Upekuzi wa mwili hufanywa na mtu wa jinsia yako, na unaweza kuomba ufanyike faraghani. Mwenye hijabu au kilemba anaweza kuomba vivyo hivyo. Mtoto hapiti akiwa mgongoni: fungua mbeleko, mshike mikononi, mbeleko iende kwenye mashine. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aonyeshe kadi yake kabla ya mlango.

Wakati mwingine mkaguzi anafuta mikono au begi kwa kitambaa kidogo na kukitia kwenye mashine inayonusa chembe za milipuko. Mashine hiyo inaweza kulia kwa mtu asiye na hatia. Losheni zenye gliserini, dawa za moyo zenye nitrogliserini na mbolea zenye naitreti, kama CAN, huacha chembe zinazofanana na zinazotafutwa. Uliyeshika mbolea shambani Machame au Ngaramtoni asubuhi, oga, badili nguo, na usisafiri na buti zile zile. Mashine ikilia, eleza kazi yako wazi. Utakaguliwa tena kwa kina, kisha uendelee. Mzaha wa neno "bomu" usiutamke hata kwa Kiswahili cha mtaani. Wanalazimika kuuchukulia kama taarifa ya kweli.

Ukiunganisha ndege

Addis Ababa, Nairobi na Doha abiria wa kuunganisha hukaguliwa upya. Maji uliyonunua KIA baada ya ukaguzi hayatavuka huko. Kinywaji cha duka lisilotozwa ushuru kibaki ndani ya mfuko wake maalumu uliofungwa, risiti ikionekana, hadi mwisho wa safari. Ukiufungua katikati, haki ya kuvuka nacho imekwisha. Herufi SSSS zikichapwa kwenye bodi pasi ya kwenda Marekani, umechaguliwa kwa ukaguzi wa ziada, basi ongeza muda.

Kisongo

Uwanja wa Arusha unahudumia zaidi ndege ndogo za Serengeti, Zanzibar na kwingineko. Kinachokwamisha watu huko ni uzito. Kampuni nyingi za ndege hizo hutoa kilo 15 kwa mtu, la mkononi likiwemo, na zinataka begi laini lisilo na magurudumu wala fremu, kwa kuwa sanduku gumu haliingii kwenye tumbo la ndege. Pima nyumbani.

Kitu kikizuiwa

Usinyanyue sauti. Uliza mambo matatu: kimezuiwa kwa kanuni gani, naweza kukirudisha kwenye begi la chini, na nani msimamizi wa zamu. Kanuni za msingi zinatoka Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, lakini kila nchi inaweza kuongeza ukali, na mkaguzi aliye mbele yako ndiye mwenye kauli ya mwisho wakati huo. Kusema "Dar walinipitisha" hakusaidii. Kinachosaidia ni kuwahi muda, kurudi kaunta na kuomba begi lipokelewe.

Hakuna ada inayolipwa kwenye mashine ya ukaguzi. Ukiombwa chochote, usitoe. Kumbuka saa, sehemu, na jina lililo kwenye kitambulisho, kisha piga TAKUKURU namba 113. Kuhusu kuvunjiwa heshima au mali kuharibiwa, andika siku hiyo hiyo kwa mwendeshaji wa uwanja, na nakala kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Taja tarehe, namba ya safari na saa, uambatishe picha ya kilichoharibika pamoja na kitambulisho cha begi walichokibandika kaunta. Kitambulisho hicho usikitupe mpaka umelifungua begi na kuhesabu vitu vyako.